Je, meza ya chakula imetokana na kumeza?

*"Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Mwanangu aliye Gredi ya 5 alirudi kutoka shule akisema kuwa meza, hii ya kulia chakula, imeitwa hivyo kwa sababu ndipo watu wanapomezea. Kaka yangu, aliyesoma sana madrasa, akamwambia kuwa hilo ni neno la Kiarabu, limetokana na Maida, jina la sura ya tano. Jirani naye akasema kumeza kumetokana na kumea. Bibi yetu mzaa mama, aliyepita miaka 80, akasema yeye hana habari za meza, kwani amekulia mkekani, ila anajua kuwa umio wake siku hizi umeziba, tonge halishuki. Tulikuwa tumempeleka kliniki wiki iliyopita. Muuguzi akamuuliza, 'Bibi, unameza?' Naye akajibu, 'Sijameza kitu, mwanangu, sikupawa dawa yoyote.' Tukarudi na dawa ya kikohozi. Nataka kujua neno kumeza limetoka wapi na lina maana zipi, kama lina udugu na meza au na kumea, na umio ni nini hasa, mbona sisi twasema koo tu?"*

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Maswali yako yote ni ya maana, lakini ndani ya maelezo yako mna jambo ambalo hukuliuliza, nami nitaanza nalo kwa sababu haliwezi kungojea mjadala wa maneno. Bibi na muuguzi hawakuelewana. Sioni kosa la bibi wala ujinga wa muuguzi. Ni neno lenyewe, kumeza, ambalo kila mmoja alilishika kwa upande wake.

Muuguzi alipouliza, "Unameza?", bila shaka alikusudia kitendo cha koo, yaani kama chakula kinapita. Bibi alisikia jambo jingine, kwa kuwa katika zahanati zetu na maduka ya dawa, kumeza bila kutaja kinachomezwa kumekuwa ni kumeza tembe. Sote tumezoea kuambiwa pale dirishani, "Meza mbili asubuhi na mbili usiku," wala hatuulizi mbili za nini. Bibi alijibu swali alilolisikia, tena kwa ukweli, na jibu lake likafunga mlango wa swali aliloulizwa. Kwa lugha yake ya nyumbani alikuwa ameshawaeleza ninyi ugonjwa wake waziwazi: tonge halishuki. Maneno hayo ndiyo yaliyopaswa kufika kwa daktari.

Kwa hiyo nawasihi mrudisheni hospitali mapema, na safari hii mmoja wenu aingie naye ndani. Mimi ni mwalimu wa lugha na sitibu mtu, lakini hili linajulikana na halihitaji kufichwa: mtu mzima ambaye chakula kinamkwama mara kwa mara, hasa ikiwa mambo yalianza kwa vyakula vikavu kama mkate, yakafuata vilaini, kisha hata uji ukawa wa taabu, au ikiwa anapungua mwili bila sababu, anahitaji kutazamwa ndani ya umio kwa kifaa chenye kamera. Sababu za kukwama kwa chakula ni nyingi na baadhi yake hutibika kwa wepesi. Hata hivyo saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana nchini Kenya, nayo huweza kuanza kwa dalili hizo hizo, ndiyo maana kuchelewa si jambo la kuridhia. Akifika hali ya kutoweza kumeza hata mate yake, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Kabla ya kwenda, ketini naye mumuulize kwa maneno anayoyatumia yeye. Tonge likikwama, lakwama wapi, hapa kooni au huku chini kifuani? Mai yapita? Yeye akitaka maji husema mai, nanyi mseme mai. Hupaliwa anapokunywa? Chakula hurudi? Lilianza lini jambo hili, kabla ya Ramadhani au baada yake? Yaandikeni majibu kama alivyoyatamka, kisha msomeeni daktari.

Tena neno alilolitumia bibi ndilo neno sahihi zaidi miongoni mwa yote mliyoyasema siku hiyo. Koo ni jina la jumla, ambalo kwalo twamaanisha sehemu ya mbele ya shingo, mahali sauti inapotoka, na mahali panapowasha mtu akiwa na mafua. Umio ni mrija maalumu, wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima, unaopita nyuma ya njia ya pumzi na kuteremka kifuani hadi tumboni. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vinautumia kwa maana hiyo hiyo. Bibi hakusema koo linauma. Alisema umio umeziba. Daktari anayejua Kiswahili vizuri akilisikia neno hilo atajua mara moja aanzie wapi.

Sasa tuje kwenye kumeza. Maana yake ya msingi ni kukipitisha kitu kutoka kinywani, kupitia kooni, hadi tumboni. Lakini maana ya neno haijulikani vizuri mpaka uliweke karibu na majirani zake. Mtoto mwenye pipi mdomoni huimung'unya. Akikosa subira huitafuna. Ikimponyoka ikapita nzima, ameimeza, na mama yake atashtuka. Njugu zinazorushwa kinywani kutoka kiganjani zinabwakiwa. Chakula kinachojazwa mdomoni kwa pupa kinabugiwa. Mwenye kiu anayekunywa maji mfululizo hata koo likasikika anayagugumia, na anayeyachukua kidogo kidogo anayapiga funda. Kitu kikipotea njia kikaelekea kwenye pumzi, mtu amepaliwa. Vitenzi hivi karibu vyote vinahusu kazi ya kinywa na namna ya kutia au kusaga. Kumeza huanza pale ambapo kinywa kimemaliza kazi yake.

Jaribu mwenyewe ukiwa na tonge la wali. Ulimi wako unalikusanya, unalisukuma nyuma, na hadi hapo wewe ndiwe mwenye amri: unaweza kulitema, kulitafuna tena, au kulibakisha shavuni. Likishavuka nyuma ya ulimi, amri si yako tena. Misuli ya koo na ya umio hulichukua na kulisukuma chini yenyewe, hata ukiwa umelala ubavu, na huwezi kulisimamisha katikati kwa kutaka tu. Naamini maana zote za mafumbo za neno hili zimechipuka kutoka hapo. Kilichomezwa kimepita kizima, hakionekani, na mwenye kukimeza hana tena uwezo wa kukirudisha.

Ndiyo maana tunasema bahari imemeza jahazi pale tu ambapo halikubakia ubao wala tanga. Likigonga mwamba mbao zikatapakaa ufuoni, tunasema limevunjika. Ndiyo maana mtu anayejizuia kujibu tusi anameza maneno yake, na mwenye busara humeza hasira. Wavuvi wa kwenu wanaijua tofauti hii kwa vidole vyao. Samaki anapodonoa chambo, mshipi hutikisika kidogo kidogo mkononi, na mvuvi hungoja. Chewa akimeza, mshipi huvutwa chini kwa mkupuo mmoja, na huko juu ya chombo ndoana haitolewi mdomoni kwa mkono. Hutafutwa kwa kisu ndani kabisa ya koo la samaki. Amedonoa na amemeza ni habari mbili tofauti, na anayezichanganya atapoteza samaki.

Wanafunzi nao wana kumeza kwao: kuyashika masomo neno kwa neno bila kuyaelewa. Wako wanaoliona neno hilo kuwa la mitaani, lakini mimi nimefundisha miaka mingi na naona limekaa mahali pake barabara. Mwanafunzi aliyemeza hakutafuna. Ukimwuliza swali kwa maneno mengine hana la kujibu, kwa sababu jambo liko ndani yake kama lilivyoingia.

Angalia pia kazi ya silabi moja ndogo. Kumeza mate ni jambo la kila dakika. Kumezea mate ni kutamani kitu: mtu anaimezea mate nyumba ya jirani, au samaki wa kupaka anayenukia kutoka jikoni kwa watu. Kile kiambishi cha kutendea kimeongeza kinachosababisha mate kujaa, na maana yote imegeuka. Vijana wa bara wameichukua kauli hiyo hiyo wakaipa maana ya kuvumilia, wakimwambia aliyeudhiwa "mezea tu," yaani likalie kimya.

Kuhusu dawa, usisumbuke. Kunywa dawa ni usemi mpana na wa zamani, unaofaa dawa ya aina yoyote inayopita kinywani. Kumeza kunafaa tembe na vidonge. Dawa ya maji hunywewa, haimezwi, isipokuwa pale ambapo mtoto ameitia mdomoni akagoma, na mama anamsihi ameze.

Naingia sasa kwenye swali la mwanao. Maelezo aliyopewa shuleni yanavutia, na sishangai yameaminiwa: maneno yanatamkwa sawasawa, na kazi ya meza inalingana na kumeza. Kufanana kwa namna hiyo si uthibitisho. Kaa wa pwani, kaa la moto na kaa kitako hazina uhusiano wowote wa maana, na hapo ufuoni kwenu mtu anaweza kupaa samaki chini ya paa huku akizungumzia paa wa mwituni bila neno moja kuzaliwa na jingine.

Tazama kwanza sarufi. Kiswahili kikitaka kuzaa jina kutoka kwa kitenzi, aghalabu hukivisha kiambishi au hubadilisha irabu ya mwisho: kula huzaa mlo, kufungua huzaa ufunguo, kukimbilia huzaa kimbilio, kulala huzaa malazi. Mahali pa kumezea, kwa desturi hiyo, pangetarajiwa kuitwa mezeo au kimezeo. Meza imesimama kama ilivyo, katika ngeli ya i-zi, pamoja na wageni wengi walioingia katika lugha wakiwa na umbo lao tayari. Hata mwisho wa maneno haya mawili huachana mara moja. Ukiwaamuru watu wengi, unasema "mezeni," na irabu inageuka kuwa e. Ukitaja mahali, unasema "mezani," na irabu inabaki a.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwa ndugu zetu wa lugha. Wanyanja wa Malawi husema kumeza kwa maana ile ile yetu, lakini meza ya chakula wanaiita tebulo, neno walilolipata kwa Waingereza. Washona wa Zimbabwe husema kumedza, na samani hiyo wanaiita tafura, kutoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini waliosema tafel. Kama jina la meza lingezaliwa na kitenzi cha kumeza, watu hao wangekuwa wa kwanza kulitumia, kwani kitenzi wanacho. Waganda, kwa upande wao, wanasema kumira wanapomeza, na emmeeza wanapotaja samani. Wakikuyu wana kumeria kwa koo na metha kwa samani. Kwao maneno hayo mawili hayakaribiani hata kidogo. Katika Kiswahili, mgeni alikuta mwenyeji anayefanana naye sauti kwa sauti.

Mgeni huyo alitoka wapi? Kaka yako ana hoja ya kuheshimiwa, kwa sababu maida kwa Kiarabu ni meza iliyoandaliwa chakula, na sura ya tano imepata jina lake kutokana na kisa cha wanafunzi wa Nabii Isa walioomba wateremshiwe maida kutoka mbinguni. Maana inakubali. Sauti ndizo zinazokataa. Dal ya Kiarabu, inapoingia Kiswahilini, hubaki d: dunia, dawa, hadithi. Tena tunayo maneno yenye umbo hasa la maida, na tunajua yalivyotendewa na ndimi za wazee wetu. Faida imebaki faida. Kaida imebaki kaida. Hakuna hata moja lililogeuka kuwa feza wala keza. Maida lingebaki maida, na kwa kweli ndivyo tunavyolitamka tunapoitaja sura.

Na kwa kuwa amesoma, mwoneshe jambo hili pia, litampendeza. Katika Surat Hud, aya ya 44, baada ya gharika ya Nabii Nuh, ardhi inaamrishwa imeze maji yake, na kitenzi kilichotumiwa hapo kimetokana na balaa yenye herufi ya ayn mwishoni, yaani kumeza. Balaa letu la Kiswahili, lenye maana ya msiba, limetokana na neno jingine lisilo na ayn hiyo. Kwa Mwarabu ni maneno mawili yenye herufi mbalimbali. Kwa Mswahili asiyetamka ayn yangekuwa neno moja, na angeweza kutunga kisa kizuri cha balaa inayomeza watu. Kisa hicho kingekuwa cha uongo, kama kilivyo kisa cha meza na kumeza.

Walio wengi miongoni mwa watunga kamusi wanalitoa neno meza kwa Wareno, nami niko pamoja nao. Wareno wanaandika mesa kwa s, lakini s iliyo kati ya irabu mbili wanaitamka z, kwa hiyo sikio la Mswahili lilipokea meza kamili bila kuongeza wala kupunguza. Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi Aprili mwaka 1498. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na Waomani waliitwaa mwaka 1698. Katika miaka hiyo 200 yaliingia maneno ya vitu walivyokuja navyo au walivyovitumia: bendera, leso, kasha, karata, kopo, foronya, mvinyo, parafujo. Gereza lilikuwa igreja, yaani kanisa, kabla ya kuwa ngome na kisha kifungo. Meza imeketi vizuri katika kundi hilo la vyombo vya nyumba za kigeni.

Yupo mdai wa tatu ambaye ni haki kumtaja. Waajemi na Wahindi nao huita samani hiyo mez, na watu hao wamefanya biashara na pwani hii tangu kabla ya Mreno kuonekana. Kwa sauti peke yake siwezi kuwafukuza, na inawezekana kuwa mabaharia waliokuwa na neno lao la karibu walisaidia kulizoesha masikioni mwa watu. Ninaegemea upande wa Mreno kwa sababu neno lake lina irabu a mwishoni tayari, na kwa sababu ya kundi lile la vitu nililolitaja.

Kwa vyovyote vile, maneno ya bibi kwamba amekulia mkekani ni ushahidi wenye uzito kuliko alivyodhani. Mkeka hutandikwa, maji ya kunawa hupitishwa kwa birika na tasa, sinia la wali huwekwa katikati, na kila mmoja hula upande wake. Watu wa Amu walimeza matonge yao kwa karne nyingi katika nyumba zisizokuwa na meza ya kulia. Kitendo ni cha kale kuliko samani, na jina la kitendo haliwezi kuwa limengojea samani ifike.

Jirani aliyetaja kumea hakubahatisha ovyo. Huenda amekiona kitu ambacho wengi hawakioni. Vitenzi vyetu vingi vinavyoishia na irabu mbili hupata z vinaposababishwa: kupotea na kupoteza, kulegea na kulegeza, kuongea na kuongeza, kujaa na kujaza. Kwa kipimo hicho, kumea kungetoa kumeza bila shida. Kasoro ni kwamba mimea haimezi wala haimezwi, na lugha za jamaa zimehifadhi tofauti ambayo Kiswahili kimeifuta. Mganda hutamka kumera kwa mmea unaochipua na kumira kwa mtu anayemeza. Mnyarwanda naye ana kumera na kumira, kwa maana hizo hizo. Lugha mbili zinapotenganisha mizizi kwa namna moja, ni lazima tuamini kuwa ilikuwa miwili tangu mwanzo, na kwamba kwetu imekaribiana baadaye.

Hapo ndipo ndugu wa kweli wa kumeza anapojitokeza, naye ni umio wa bibi.

Kiswahili kina tabia ya kudondosha l iliyokuwa kati ya irabu mbili. Chukua njaa, au ndaa kama mnavyosema ninyi. Mnyanja anasema njala, Mganda anasema enjala, Mshona na Mnyarwanda wanayo r mahali hapo, nzara na inzara. Wote wana konsonanti katikati isipokuwa sisi. Sasa itazame umio kwa jicho hilo. Mganda huita koo la chakula omumiro, Mnyanja huliita mmero, Mkikuyu mũmero. Turudishie umio l yake iliyodondoka, tunapata umilo, na jamaa wote wanakaa mstari mmoja. Umio maana yake ni kile kinachomezea, jina lililozaliwa na kitenzi cha kale cha kumeza ambacho Waganda bado wanacho, kumira, na ambacho kwetu kimebaki ndani ya jina hilo tu. Katika umbo la kumeza, ile l haikudondoka. Ilikutana na kiambishi cha kale na ikageuka z, kama ilivyo katika kulala na kulaza.

Bado liko jambo moja lisilo nyoofu, nalo ni irabu: umio una i, kumeza kuna e. Mganda ana i kote kuwili, Mnyanja ana e kote kuwili, na sisi tumegawanya. Irabu hizi mbili zinapishana ndani ya ukoo huu kwa namna ambayo hairuhusu kuchora mstari mmoja ulionyooka. Lakini m ya mwanzo, l au r au z ya pili, na maana yenyewe, vimeshikana kutoka Uganda hadi Zimbabwe, na ushikamanifu wa namna hiyo hautokei kwa bahati. Elimu ya kulinganisha lugha hizi ni ya tangu karne ya 19, pale Wilhelm Bleek alipozipa jina la Bantu na Carl Meinhof akaandika kanuni za sauti zake mwaka 1899, na kitu cha kwanza inachomfundisha mtu ni kutokimbilia maneno yanayofanana kabisa. Ndugu halisi aghalabu hufanana nusu, na ile nusu isiyofanana ina kanuni yake.

Katika ukoo huo huo yumo kimio, yaani kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho wengine hukiita kidaka tonge. Ni umio uliovishwa ki- ya udogo. Sidhani kama vijana wengi wa leo wanalitumia neno hilo, na linanisikitisha kuona watu wakihangaika kutafuta majina ya viungo vyao ilhali wazee wao wanayo mdomoni.

Mwambie mwanao hivi: meza ya chakula tumeipata kwa wageni, yaelekea Wareno, na kumeza tumerithi kutoka kwa mababu waliosema lugha moja na mababu wa Waganda na Wanyanja, maneno hayo mawili yamekutana katika matamshi tu. Asiende kumsahihisha mwalimu wake mbele ya darasa. Nenda wewe mwenyewe baada ya masomo, umweleze kwa upole habari za faida na maida na za tebulo. Mwalimu anayependa kazi yake atafurahi kuwa na mfano mzuri wa kuwapa wanafunzi.

Bibi akishaonwa na daktari na akapata nafuu, inshallah, keti naye uulize jina la kila kitu kuanzia midomo hadi tumboni, na kila namna ya kula na kunywa anayoijua, uandike kwa Kiamu chake bila kukinyoosha. Kama ana kitenzi kingine cha kumeza ambacho si hiki tunachokizungumzia, kiandike na sentensi aliyokitumia, kisha uniletee.